Viti 200, tiketi 203: hesabu ilipotelea wapi?

Swali: "Nimeandika mfumo mdogo wa kuuza tiketi za ukumbi wenye viti 200. Kabla ya kuuza, programu inasoma viti vilivyobaki. Vikiwa zaidi ya 0, inapunguza kimoja na kutoa tiketi. Imefanya kazi miezi minane bila kasoro. Wiki iliyopita tulifungua mauzo ya onyesho lililosubiriwa na wengi, zikatoka tiketi 203, na kwenye jedwali viti vilivyobaki vinasomeka 0. Nimejaribu mwenyewe zaidi ya mara 50, kosa halijirudii. Nilipoongeza kumbukumbu (log) za kila hatua ili niifuatilie, ikawa kama imepona. Kila kitu kiko ndani ya muamala wa hifadhidata. Mwenzangu mmoja anasema niweke usingizi, yaani programu isimame kwanza, wa sekunde moja kati ya hatua, mwingine anasema niweke kufuli ndani ya programu, wa tatu anasema lugha tunayotumia ina uzi mmoja (inatekeleza jambo moja kwa wakati) kwa hiyo jambo hili haliwezekani. Seva ni mbili. Mauzo mengine yanafunguliwa siku kumi zijazo. Nifanye nini?"

Pole sana. Naona kinachokunyima usingizi si zile tiketi tatu peke yake. Umeusoma msimbo wako mstari kwa mstari, ukauona hauna kosa, na bado umekuumbua mbele za watu. Nikutoe wasiwasi kidogo: hujakosea kuusoma. Msimbo huo ni sahihi kabisa kwa mteja mmoja. Tatizo linazaliwa pale wateja wawili wanapoupitia kwa wakati mmoja, na hilo jicho haliwezi kuliona kwa kusoma kutoka juu kwenda chini, kwa sababu tunasoma kama mtu mmoja.

Umetaja jambo dogo ambalo wengi hulisahau, nalo ndilo limenipa jibu kabla sijamaliza kukusoma: jedwali linasema 0. Halisemi -3. Kama programu yako ingekuwa inauza tu bila kuangalia, hesabu ingeteremka chini ya sifuri na ungekuta -3. Kukuta 0 pamoja na tiketi 203 maana yake ni kwamba tiketi tatu zilitoka bila kiti chochote kupunguzwa kwenye hesabu. Yaani mara tatu, upunguzaji ulifanyika kisha ukafutwa na upunguzaji mwingine.

Tuliangalie kwa karibu. Chukulia vimebaki viti 57, na watu wawili wamebonyeza "nunua" karibu pamoja:

Milisekunde ya 0: ombi la kwanza linasoma, linaambiwa 57.
Milisekunde ya 4: ombi la pili linasoma, nalo linaambiwa 57.
Milisekunde ya 9: la kwanza linaandika 56 na kutoa tiketi.
Milisekunde ya 11: la pili linaandika 56 na kutoa tiketi.

Tiketi mbili zimetoka, kiti kimoja kimehesabiwa. Hakuna aliyedanganya: kila ombi liliuliza kwa adabu, likajibiwa ukweli, likatenda kwa mujibu wa jibu lile. Ila jibu la ombi la pili lilikuwa limeshachacha lilipofika kutumika. Hili huitwa badiliko lililopotea, na familia nzima ya makosa ya aina hii huitwa mbio, kwa kuwa matokeo yanategemea nani katangulia kufika.

Sasa angalia tena ile 57. Nimeichagua makusudi. Watu wengi wakisikia tiketi zimezidi hudhani ugomvi ulikuwa kwenye kiti cha mwisho. Si lazima. Migongano yako mitatu huenda ilitokea viti zaidi ya mia bado viko wazi, katika zile dakika za kwanza za msongamano, na hakuna aliyehisi kitu. Kiti cha mwisho kilikuja kutoa ushahidi tu.

Ndiyo maana ile "miezi minane bila kasoro" siiamini hata kidogo, na naomba nawe usiiamini. Onyesho ambalo halikujaa linaweza kuwa na migongano kumi na asijue mtu, kwa kuwa viti vilikuwepo vya kutosha. Una njia ya kuhakikisha leo hii, kabla hujagusa chochote:

SELECT m.id, m.uwezo - m.viti_vilivyobaki AS zilizohesabiwa, COUNT(t.id) AS zilizotoka FROM maonyesho m JOIN tiketi t ON t.onyesho_id = m.id GROUP BY m.id, m.uwezo, m.viti_vilivyobaki;

Badilisha majina yaendane na ya kwako. Pale ambapo namba mbili hazilingani, palikuwa na mgongano. Kama mfumo wako unaruhusu kufuta tiketi, hesabu zile zilizo hai tu, na uwe tayari kwa jambo la ajabu kidogo: kurudisha kiti nako ni kusoma kisha kuandika, kwa hiyo tiketi mbili zikifutwa kwa pamoja unaweza kubaki na kiti kitupu ambacho mfumo unaamini kimeuzwa. Kosa hilo halina mlalamikaji. Mteja aliyekosa kiti atapiga simu, lakini kiti kilichobaki kitupu hakina wa kukipigia.

Kwa nini hukuweza kulirudia? Kwa sababu ulijaribu peke yako. Kati ya kusoma na kuandika kuna upenyo wa milisekunde chache. Hata ungebonyeza kwa kasi gani, ombi lako la kwanza lilikuwa limeshamaliza kabla kidole hakijainuka. Upenyo huo unahitaji watu wengi, na wengi uliwapata siku moja tu katika miezi minane. Tarehe 14 Agosti 2003 watu wapatao milioni 50 wa Marekani na Kanada walikatikiwa umeme, na mojawapo ya sababu ilikuwa kosa la aina hiihii ndani ya programu ya kengele za tahadhari kwenye chumba cha kuongozea mitambo. Sehemu mbili za programu ziligusa data moja kwa wakati mmoja, kengele zikanyamaza, na waongozaji wakaendelea na kazi wakidhani kuko shwari. Waliotengeneza programu ile walisema ilikuwa imeshafanya kazi zaidi ya saa milioni tatu bila kosa hilo kujitokeza. Wewe umelipata katika miezi minane, na hasara ni viti vitatu. Mimi ningeshukuru.

Zile kumbukumbu ulizoongeza nazo hazikuponya kitu. Kuandika kumbukumbu kunachukua muda, na mara nyingi waandikaji wawili hulazimika kupokezana, basi mwendo wa maombi ukabadilika na upenyo ukahamia mahali pengine. Kosa linalojificha ukilitazama watengenezaji hulitania kwa jina la heisenbug, wakimkumbuka mwanafizikia Werner Heisenberg. Ukiona kosa limepona kwa sababu umeongeza mstari usiohusiana nalo, hiyo ni dalili nzuri kuliko zote kwamba unashughulika na mbio.

Nije kwa wenzako, maana kila mmoja ana kipande cha ukweli.

Wa usingizi wa sekunde moja namkatalia moja kwa moja. Ukiweka usingizi kati ya kusoma na kuandika, umeupanua ule upenyo kutoka milisekunde chache hadi zaidi ya elfu moja. Ukiuweka kwingine, unaahirisha tu. Lakini usiutupe ushauri wake: tutauhitaji mbele kidogo kwa kazi nyingine.

Wa kufuli ndani ya programu angekuwa na hoja kama mngekuwa na seva moja. Kufuli hilo linakaa kwenye kumbukumbu ya ndani (RAM) ya seva moja, na seva zako mbili hazionani kumbukumbu hizo. Utakuwa umefunga milango miwili tofauti ya nyumba moja, kila mlango na ufunguo wake, na watu wanaingia kama kawaida. Hata ukirudi kwenye seva moja, siku mtakayoongeza ya pili hakuna atakayekumbuka kwamba kufuli lile lilitegemea upweke.

Na yule wa uzi mmoja? Hapa ndipo wajanja wengi huanguka. Ni kweli kwamba katika lugha kama JavaScript mistari miwili ya msimbo wako haitekelezwi sambamba ndani ya mchakato mmoja. Lakini programu yako ikishauliza hifadhidata, haikai kusubiri mikono kifuani. Inashika ombi lingine. Kila penye neno await (yaani "subiri jibu"), mwingine anaweza kupita. Uzi ni mmoja, ndiyo, na maombi yaliyosimama katikati ya safari ni mengi. Halafu seva ni mbili, kwa hiyo mjadala wenyewe umeshaisha.

Limebaki la muamala, nalo ndilo gumu, kwa sababu umefanya kile ambacho vitabu vinasema ufanye. Muamala unakuahidi kwamba hatua zako zote zitakamilika au zote zitafutwa. Hilo umelipata: hakuna tiketi iliyotoka nusunusu. Kuhusu kutengwa na miamala ya wengine, ahadi ina viwango. Kanuni za SQL (lugha ya kuzungumza na hifadhidata) za mwaka 1992 ziliweka vinne, na hifadhidata nyingi hazikuanzishi kwenye cha juu kabisa. PostgreSQL, usipogusa chochote, hutumia kiwango cha READ COMMITTED. MySQL yenye InnoDB hutumia kiwango cha REPEATABLE READ. Katika hali zote mbili, miamala miwili inaweza kusoma 57 ileile kwa SELECT ya kawaida, na wa pili akaandika 56 juu ya 56 bila kukemewa. Kwa hiyo muamala wako ulikuwa unafanya kazi yake. Ni wewe uliyeupa kazi ambayo haukuiahidi.

Tiba ninayokushauri ni fupi kuliko maelezo yote haya. Acha kusoma ili uamue. Peleka uamuzi wenyewe kwenye hifadhidata, sharti na badiliko vikiwa tendo moja:

UPDATE maonyesho SET viti_vilivyobaki = viti_vilivyobaki - 1 WHERE id = 7 AND viti_vilivyobaki > 0;

Kisha uliza jambo moja tu: ni mistari mingapi ya jedwali imebadilika? Ikiwa 1, umepata kiti, andika tiketi ndani ya muamala uleule. Ikiwa 0, ukumbi umejaa, mwambie mteja. Angalia kwamba programu haitumi tena 56 iliyoikokotoa yenyewe. Inasema "punguza kimoja kutoka kwa kilichopo". Hifadhidata inapobadilisha mstari huwa inaushika. Ombi la pili linasubiri la kwanza limalize, halafu linalipima sharti upya kwa thamani mpya. Foleni unaipata bila kuijenga.

Nasisitiza kuangalia idadi ya mistari iliyobadilika, kwa sababu nimeona watu wakiandika UPDATE nzuri kama hiyo, kisha wakatoa tiketi bila kutazama jibu. UPDATE isiyobadilisha mstari wowote si kosa machoni pa hifadhidata. Inarudi kimya, na wewe unauza hewa.

Zipo njia nyingine, na siku moja utazihitaji. Uamuzi ukiwa mgumu kutoshea kwenye sharti moja, kwa mfano unatakiwa uangalie kundi la mteja, punguzo na idadi aliyokwisha kununua, soma kwa SELECT ... FOR UPDATE. Mstari unashikwa tangu unaposomwa, na mwingine yeyote anayesoma kwa namna hiyo anasubiri hadi umalize. Gharama yake ni kwamba miamala ikishika mistari miwili kwa mpangilio tofauti, huyu anamngoja yule na yule anamngoja huyu. Hifadhidata itaua mmoja wao. Shika mistari kwa mpangilio uleule kila mahali, basi. Njia ya namba ya toleo, ambapo unaandika tu ikiwa toleo ulilosoma bado ndilo lililopo, inafaa zaidi fomu ambayo mtu anaikalia dakika kumi akihariri. Kwenye msongamano wa tiketi itawarudisha watu wengi mwanzo. Na kiwango cha juu kabisa, SERIALIZABLE, ni kizuri kweli, PostgreSQL inacho kwa maana kamili tangu toleo la 9.1 la mwaka 2011, ila kinakudai uandike msimbo wa kurudia muamala kila unapokataliwa kwa kosa namba 40001. Kwa siku kumi ulizonazo, sikushauri.

Viti vyenu vikiwa na namba, weka pia kizuizi cha upekee kwenye onyesho na namba ya kiti, ili tiketi mbili za kiti kimoja zisiweze hata kuandikwa. Hicho ndicho ninachokipenda kuliko vyote, maana hakitegemei kumbukumbu ya mtengenezaji atakayekuja baada yako. Kizuizi cha kukataa namba hasi nacho kiweke, lakini ujue kwamba kwenye kisa chako kisingesaidia: hesabu yako haikuwahi kushuka chini ya 0.

Jambo moja hukuliuliza, nami nakuuliza: malipo yanafanyika wapi? Kama programu inasubiri jibu la huduma ya malipo ilhali muamala uko wazi, basi ukitumia dawa yangu vibaya utawaweka wateja wote kwenye foleni nyuma ya mtu mmoja ambaye simu yake imekosa mtandao. Punguza kiti, andika tiketi ikiwa na hali ya "imeshikwa" pamoja na saa ya kuisha, funga muamala, ndipo uende kwenye malipo. Yakikamilika, ibadilishe iwe "imelipwa". Muda ukipita bila malipo, kiti kirudi, kwa UPDATE ya aina ileile na wala si kwa kusoma na kuandika. Na kila ombi la kununua lipe namba yake ya pekee, ili mteja akibonyeza mara mbili kwa wasiwasi asiuziwe mara mbili.

Sasa ule usingizi. Kwenye mashine yako ya majaribio, rudisha msimbo wa zamani, weka usingizi wa sekunde tano kati ya kusoma na kuandika, fungua madirisha mawili na ununue kwa pamoja. Mgongano utautazama kwa macho yako, kila mara, bila kubahatisha. Mimi miaka ya nyuma niliandika programu iliyotoa namba za stakabadhi kwa kuchukua namba kubwa kuliko zote na kuongeza moja. Stakabadhi mbili zikatoka na namba moja, nikakesha wiki mbili nikiilaumu hifadhidata, hadi mzee mmoja wa kazi akaniwekea usingizi huo na kunifungulia dirisha la pili. Ilimchukua dakika tatu, nyingi kati ya hizo akisubiri nimalize kujitetea.

Ukishaliona kosa, weka msimbo mpya pamoja na usingizi uleule, na uone kwamba maombi hayagongani tena. Kisha andika jaribio la kudumu: onyesho lenye viti 10, maombi 50 yakitumwa sambamba. Baada yake lazima ziwepo tiketi 10, hesabu iwe 0, na maombi 40 yawe yamekataliwa. Liendeshe mara nyingi, na uliendeshe kwenye aina ileile ya hifadhidata mnayotumia kazini. Nalisema hili kwa kuwa wengi hujaribia SQLite, ambayo inaruhusu mwandishi mmoja tu kwa wakati mmoja. Itakuficha migongano ambayo hifadhidata yenu itakuonyesha mbele ya wateja.

Kuna sehemu ambayo majibu ya kuandikiana hayatoshi. Usifute tiketi tatu "za ziada" kwenye jedwali kwa mkono. Huwezi kujua zipi ni za ziada: zote 203 ziliuzwa kihalali kwa mujibu wa mfumo, na kila moja ina mtu aliyelipa. Hifadhi kwanza nakala ya hifadhidata na kumbukumbu za siku ile, kisha nenda kwa mwenye ukumbi mkae naye mezani, maana kuamua nani aongezewe kiti na nani arudishiwe fedha ni kazi yake, si ya programu. Na ile hoja ya SELECT ya kulinganisha hesabu ikionyesha tofauti kwenye maonyesho mengi, au ukigundua kwamba njia hiyohiyo ya kusoma na kuandika inatumika kwenye salio za fedha za wateja, tafuta mtengenezaji mzoefu wa hifadhidata akae nawe kwenye mashine moja, apitie kila mahali panapoandikwa namba, na mhasibu awepo. Hapo sitaki uniandikie tena. Nataka mtu anayeweza kuona skrini yako.

Anza na ile hoja ya kulinganisha. Uniandikie imerudisha mistari mingapi isiyolingana, na kama mnafuta tiketi au la, nikusaidie kuisoma.